Nguva wa Haidari

Haidari wa Kitapwi alikuwa mwongo, na tusimfiche. Hakuwa mwongo wa kudhulumu mtu. Alikuwa mpiga chuku wa kupenda, ambaye changu akipita mdomoni mwake hutoka papa. Watu walimsikiliza kwa raha zao na hawakumwamini hata alipowaambia mvua inanyesha.

Kilichommaliza kabisa ni nguva. Mwaka juzi wataalamu wa bahari walifika kijijini kwa boti kutoka Nyamisati, wakawaonyesha watu picha ya mnyama mnene mwenye pua pana, anayenyonyesha kama mbuzi na kula majani yaotayo chini ya bahari. Wakasema waliobaki ni wa kuhesabu. Hunaswa na jarife, zile nyavu ndefu za macho makubwa za kutegea papa na taa, na wasipopanda juu kuvuta pumzi hufa maji. Wakauliza nani amemwona karibuni. Haidari, ambaye hakuwahi kumwona hata mmoja, akainua mkono, akasema amewaona watatu, tena wakicheza. Wageni wa watu wakaandika, wakampakia botini awaonyeshe, wakazungushwa juani siku mbili mpaka mafuta yakawaishia. Tangu hapo akaitwa Nguva Watatu, na watoto wa madrasa wakamtungia wimbo.

Jina lile lilimuuma. Barazani alicheka na wenzake, akifika nyumbani ananuna. Mkewe Sihaba hakumwonea huruma. Alimwambia njia ya mwongo ni fupi, na yeye ameshafika mwisho wa yake.

Sasa basi, asubuhi moja ya Jumanne, maji yakianza kujaa, Haidari alikwenda kuangalia jarife lake kwenye mlango wa mto. Alikwenda peke yake, kwa kuwa shemeji yake Nasibu anayevua naye siku zote alikuwa harusini Kibiti. Miaka ya nyuma wasingefika mbali hivyo. Kambamiti walijaa humu humu vijitoni, chini ya mikoko. Lakini mikoko imefyekwa kupisha mpunga, na kaa wanaokata miche ya mpunga wanamwagiwa sumu, na sumu haichagui kaa wala kambamiti. Kwa hiyo kila mvuvi anasogeza wavu wake nje zaidi, na Haidari alikuwa amesogea mpaka penye majani ya bahari.

Akaona maboya manne hayapo juu. Huyo ni papa, alijisemea, tena si papa wa mchezo. Akapiga kafi mpaka mabega yakalia, akafika, akashika kamba ya juu ya jarife na kuivuta. Kamba nayo ikamvuta yeye, na nusura mtumbwi upinduke.

Hapo akasikia pumzi nyuma yake. Puuh. Si ya samaki. Akageuka, akaona kichwa kidogo cha kijivu kimetoka majini, kinamtazama, kikazama, kikatoka upande wa pili. Kilikuwa kinazunguka jarife kama ndama anayezunguka zizi alilofungiwa mama yake. Haidari akainama juu ya maji, na chini ya mkono wake akamwona mwenyewe, mkubwa kupita mtumbwi kwa unene, wavu umemzonga shingoni na kwenye pezi. Pua ilikuwa pana ile ile ya kwenye picha. Kwapani, chini ya pezi, palikuwa na chuchu.

Macho yakamtoka pima. Akacheka kwa furaha, peke yake katikati ya maji.

"Wapo," alisema. "Wallahi wapo!"

Furaha haikumaliza hata dakika. Nguva alikuwa amechoka. Kila akijitahidi kupanda, wavu ulimrudisha chini. Haidari akaelewa kwamba mbele yake kuna mambo mawili tu. Akimwacha humo, atakufa sasa hivi. Kisha atamfunga kamba na kumburuta mpaka Kitapwi, na kijiji kizima kitamshuhudia kwa macho. Nani tena atamwita Nguva Watatu? Sheria inakataza, ndiyo, lakini nguva aliyekufa wavuni kwa bahati mbaya nani atamfunga mtu kwa hilo. Hakutakiwa kufanya lolote ila kukaa kitako na kungoja. Au akate jarife, arudi mikono mitupu, na simu yake ni kitochi kisichopiga hata picha ya kuku.

Alikaa kitako. Tusimfiche hapo pia. Alikaa, akahesabu pumzi tatu za mtoto, puuh, puuh, puuh, na kila mara mtoto alikuwa karibu zaidi na mtumbwi. Ya nne hakuingoja. Akachomoa kisu, akalala kifudifudi ukingoni, akatia mikono majini mpaka mabegani.

Akakata. Jicho moja, la pili, la kumi. Maji ya chumvi yalimwingia puani, mtumbwi ukalala upande, naye akawa anakata huku anamwomba Mungu na kumgombeza nguva atulie, mama, tulia nikutoe. Alipofika kwenye pezi, mnyama akapiga mkia. Kufumba na kufumbua Haidari akawa majini, kisu kimekwenda zake. Alipoibuka akitema maji, nguva mkubwa aliibuka naye, karibu wangegusana, akavuta pumzi ndefu iliyomrushia manyunyu usoni. Mtoto akaja akajibandika ubavuni. Kisha wote wawili wakazama, na juu ya maji yakabaki maboya tu. Haidari aliushika mtumbwi, akalia na kucheka kwa pamoja, mtu mzima na mvi zake. Kisha akapanda, akalipakia jarife lililokatika, akageuza kurudi.

Kunyamaza hakuweza. Alifika pwani akapiga kelele kabla hajashuka, akaeleza yote. Watu waliokuwa wanachambua dagaa wakashika mbavu. Mmoja akauliza wa tatu alikuwa wapi, amekwenda sokoni Ikwiriri? Haidari akasema yuko tayari kuapa msikitini, mbele ya msahafu. Bushiri, mwenyekiti wa kikundi cha ulinzi wa mwambao, mtu mpole asiyependa makuu, akamshika bega.

"Usijiongezee dhambi, kaka," alimwambia. "Tumeshakuzoea."

Haidari akanyamaza. Hakuwahi kunyamaza mbele ya watu namna hiyo, na wengine waliona aibu kwa niaba yake.

Sihaba ndiye aliyeingia majini kumpokea mumewe vyombo, kama kawaida yake. Akainua jarife, akasita, akalivuta lote mpaka mchangani na kulitandaza. Katikati palikuwa na tundu ambalo mlango wa nyumba ungepita. Akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye kingo zake, uzi kwa uzi.

"Papa huchana," alisema. "Huu umekatwa kwa kisu."

Watu wakasogea.

"Mnamjua huyu Baba Yasmini," Sihaba aliendelea, bila kupandisha sauti. "Masika paa letu lilipovuja, turubai alifunikia jarife, mimi na wanangu tukalowa. Kuku akilikanyaga, siku hiyo hatuli kwa amani. Uongo anaujua, mie nimeishi nao miaka ishirini. Lakini uongo wake wote ni wa mdomo. Huyu hakati jarife lake kwa uongo."

Vicheko vikakatika. Watu walitazama tundu, wakamtazama Haidari, chumvi bado imemganda usoni. Bushiri alitoa simu yake na kutafuta namba ya wale wataalamu. Akasema kama nguva ana mtoto pale, basi pale ni malishoni, na majarife yote ya mlango ule yatatolewa leo leo, kuanzia na lake mwenyewe. Lakini kabla ya kubonyeza, alimgeukia Haidari, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi mtu alimuuliza jambo na kungoja jibu.

"Mtoto alikuwa mkubwa kiasi gani?"

Haidari alinyoosha mikono yote miwili mpaka ikafika mwisho. Akaitazama. Kisha, taratibu, akairudisha ndani kidogo, na kidogo tena.

"Hivi," alisema.