Dhahabu Iliyoiva Mapema

Maroa hakujaliwa subira, na kazi yake ilitaka subira tu. Uani kwake, mjini Migori, alisafisha dhahabu ya wachimbaji: aliitia kwenye asidi ndani ya mtungi wa kioo, asidi ikala shaba na takataka nyingine polepole, dhahabu ikabaki chini.

Jumamosi hiyo mnunuzi wa Isebania alikuwa njiani. Mvua ilipoanza, Maroa akauhamishia mtungi jikoni na kufunga dirisha.

"Mwalimu," akamwita mkewe, Pauline, "hii kitu iende haraka nifanye nini?"

Pauline alikuwa sebuleni akisahihisha mtihani wa kemia. Hakuinua hata kichwa. "Ongeza moto. Ama asidi kali zaidi. Ukali ukienda mara mbili, kasi inaweza kupanda mara nne." Swali lilo hilo lilikuwa mbele yake kwenye karatasi.

Maroa akafanya yote mawili kwa mpigo. Moshi wa kahawia ukajaa jikoni, naye akatoka mbio akikohoa, macho yakimchuruzika, akijicheka mwenyewe. Omanga, mwenzake wa kazi, akamkimbilia na maziwa. Machimboni kote watu husema maziwa huosha kifua. Maroa akayagugumia yote na kikohozi kikatulia.

"Twende hospitali," Pauline alisema.

"Ya nini? Si unaona niko sawa?"

Kweli alionekana sawa. Pauline akarudi kwenye karatasi zake. Mwalimu mzima wa kemia, akayaamini maziwa!

Kumbe kilichoingia kifuani hakikuwa na pupa kama mwenyewe. Kiliendelea na kazi yake kimyakimya wakati Maroa akila ugali, akilala kidogo, akiulizia mnunuzi. Jua lilipokuwa likitua alianza kuhema, midomo ikabadilika rangi, povu lenye damu likamtoka. Walipofika hospitalini, daktari alimsikiliza Pauline mpaka mwisho.

"Huu moshi hauonyeshi madhara yake papo hapo siku zote, Mama. Mngemleta mchana..." Maroa alikata roho mkewe akiwa amemshika mkono.

Pauline alirudi nyumbani kuchukua shuka la kumfunika. Simu ya marehemu ikalia mezani, akaipokea.

"Maroa! Mvua ilinizuia. Ule mzigo umeiva?"

Akachungulia jikoni. Chini ya mtungi dhahabu ilikuwa imetulia, safi, bila doa.

"Imeiva," akasema, na kilio kikampasuka. "Imeiva tangu mchana."