Narudi Sasa Hivi

Nyumbani kwetu hakuna mtu anayesema "sasa hivi". Wateja wakija dirishani kununua gordita, ile mikate minene ya mahindi tunayoijaza maharage, wakauliza kama imeiva, mama hujibu "tayari" au "bado", basi. Mji wetu mzima wa Nombre de Dios unajua. Hata mwuza gesi, ambaye hana adabu kwa mtu yeyote, akifika mlangoni petu hujichunga.

Sababu ni baba. Nilikuwa darasa la nne alipopakia matufaha kwenye lori kuyapeleka Mazatlán, huko pwani, akamwambia mama, "Narudi sasa hivi, Tola." Hakurudi. Wako wanaosema lori lilitumbukia korongoni kwenye zile kona za mlimani ziitwazo Uti wa Mgongo wa Shetani. Wako wanaosema ana mke mwingine pwani, mnene, mcheshi. Mama hakuchagua la kuamini. Mimi niliacha shule nikaanza kukanda unga.

Kwa hiyo Brisa, binti wa mama mdogo, alipoingia jikoni akatandaza ramani mezani na kusema tunakwenda kuona bahari, kitu cha kwanza nilichokitazama ni mgongo wa mama. Mama alikuwa anageuza mikate kwenye bamba la kuokea. Hakugeuka.

Brisa hajawahi kuogopa kitu zaidi ya mende. Alipanga safari kwa sauti kubwa, kana kwamba jikoni mna watu hamsini. Tungeondoka Alhamisi alfajiri na Foksiwagen yake ya kijani. Usiku wa kwanza tungepiga hema Mexiquillo, kwenye misonobari, katikati ya yale mawe makubwa. Kesho yake tungeshuka mlima hadi ufukweni, tulale mchangani, na Jumapili tuwe nyumbani. Hema aliazima kwa vijana wa kanisani. Lilikuwa na tundu, akaliziba kwa kipande cha mwavuli. Alikuwa na jiko dogo la gesi, tochi, tairi la akiba na mkanda wa feni, maana gari lile likipanda mlima hukata mkanda kwa makusudi. Mimi nilipewa kazi ya chakula: nyama kavu, pilipili, kahawa, na maji ya kutosha.

Nilikuwa sijawahi kufika mbali zaidi ya Durango mjini. Nilitaka sana kwenda. Lakini kwetu mtu haondoki safari ndefu kabla mama yake hajamchora msalaba kwenye paji la uso. Hata kaka yake Brisa, anayejifanya hamwogopi Mungu, siku aliyokwenda kuvuka mpaka alipiga magoti kwanza. Mama asiponibariki, siendi. Halikuwa jambo la kubishania.

Siku zile zote mama hakusema ndiyo wala hapana. Aliuliza mambo madogo madogo: kama hema lina mlango wa kufunga, kama huko milimani kuna baridi, kama Brisa anajua kubadilisha tairi au anajua kupaka kucha rangi tu. Brisa alicheka akamwonyesha vidole vyake, vina grisi. Jumatano jioni, tukiwa tunafunga dirisha, likaja swali nililokuwa naliogopa.

"Mnapita barabara ipi?"

Kuna mbili. Mpya ni ya kulipia, ina madaraja marefu na imenyooka. Ya zamani inajipinda juu ya makorongo, na ndiyo aliyozoea kupita baba. Mexiquillo iko kwenye ya zamani.

"Mpya, mama mkubwa," Brisa akajibu bila kupepesa macho. Chini ya meza alinikanyaga mguu.

Mama alinitazama. Mimi nikatazama sufuria ya maharage. Kunyamaza ndicho kitu ninachokiweza kuliko vyote, na jioni ile nilinyamaza vizuri sana.

Alfajiri gari liliwashwa mlangoni. Brisa alikuwa nje anafunga hema juu ya gari kwa kamba. Nilipiga magoti kizingitini. Mama alifuta mikono kwenye aproni, akainua kidole gumba. Ukuchani mlikuwa bado na unga. Akaniuliza kama nimechukua sweta, kisha akauliza tunarudi lini. Lilikuwa swali la kawaida. Lakini ule uongo wa jana ulikuwa bado unanichoma, nikataka maswali yaishe haraka, nikajibu kama wanavyojibu majirani wote wakitoka milangoni kwao, hata wanaokwenda kununua chumvi.

"Tunarudi sasa hivi, mama."

Kidole kilisimama hewani. Nje, Brisa aliacha kuvuta kamba.

Mama alishusha mkono. Aligeuka, akarudi jikoni, nikasikia kiti kikiburutwa.

Brisa alinijia kwa kunyata, akaniinamia. "Neri, umetuzika. Maneno yote ya dunia hii, bibi wee, ukaokota hilo?" Akanisukuma niingie nikamwambie ulimi umeteleza, nilie kidogo ikibidi, mradi gari liondoke.

Niliingia. Mama alikuwa ameketi karibu na bamba ambalo halijawashwa, mikono mapajani. Nilikuwa na maneno ya Brisa mdomoni tayari. Lakini ulimi haukuteleza. Nilisema vile ili asiniulize zaidi, na nikiwa nimesimama pale niliwaza kwamba huenda baba naye alisema kwa sababu hiyohiyo.

"Tunapita ya zamani," nikasema.

Mlangoni Brisa alishika kichwa.

"Tunalala Mexiquillo. Hatukukwambia kwa sababu ungekataa. Kwenye zile kona nataka tusimame, nitazame chini, halafu tuendelee. Jumapili, kengele ya misa ya jioni itanikuta hapa. Ukikataa sitakwenda, na sitanuna."

"Utanuna."

"Nitanuna kidogo."

Gari lilikuwa linakohoa nje, moshi unaingia hadi ndani. Mama alimwambia Brisa akalizime kabla halijatuua. Brisa akaenda bila neno, jambo ambalo sijaliona tena. Tulibaki wawili. Nje mbwa wa jirani alikuwa akijikuna.

"Baba yako sikumuuliza barabara ipi," mama akasema mwishowe. "Wala atalala wapi. Nilikuwa nageuza mikate, hata uso sikuinua."

Kisha akasema kabla ya zile kona kulikuwa na kibanda cha kahawa, baba alikuwa akikisifia sana. Kama bado kipo, tusimame tunywe, Brisa asiendeshe na usingizi.

"Lakini usimuulize mtu habari zake," akasema. "Ukiniletea habari, mwanangu, itabidi nizisikie."

Nikamwambia sitauliza. Akanionyesha sakafu kwa kidevu, nikapiga magoti. Kidole chake kilikuwa kikavu na kizito, kikachora polepole, juu, chini, upande huu, upande ule. Akamwita na Brisa. Huyo mama alimfinya sikio kwanza, kwa ajili ya ile barabara mpya, ndipo akambariki.

"Jumapili," mama akaniambia.

"Jumapili, mama."

"Sema huku unanitazama."

Nikasema huku namtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, nami sikuyakwepa.

Tuliingia garini. Brisa alizungusha ufunguo mara kadhaa ndipo injini ikakubali. Kulikuwa kumekucha, na dereva wa lori la maziwa alikuwa ameshafika dirishani kwetu, anagonga ubao kwa ufunguo wake, anauliza kama kuna cha moto. Mama alikuwa amesimama mlangoni na macho yake yapo kwenye gari letu. Hakumgeukia.

"Sasa hivi," akamjibu. "Ngoja hawa waondoke."

Dereva aliacha kugonga. Brisa akanigeukia, mdomo wazi. Nikamwambia aendeshe.