Ishara Isiyo na Mwenyewe

Daktari wa kampuni alikishika kile kichupa kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayemtoa panya aliyekufa nyuma ya kabati.

"Na hii ni nini?"

"Dawa yangu ya maumivu," alijibu Kipanga. "Si mlisema tuje na kila tunachomeza? Nimekuja nayo."

Kipanga lilikuwa jina la kiwanjani. Mwanamke huyu ndiye aliyeendesha kreni ndefu kuliko zote pale kwenye ujenzi. Kutwa nzima alikaa juu kwenye kibanda cha vioo, macho chini, na hakuna aliyewahi kumwona akiyumbisha mzigo. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki nyumbani na sahani zake.

Daktari alisoma maandishi ya kichupa, akainua nyusi. "Hii wanapewa watu wanaoachishwa unga, dada."

"Wao wanakunywa vidonge vizima. Mimi ni kapande kadogo, usiku nikienda kulala. Daktari bingwa alinieleza bila kuficha. Haikutengenezwa kwa ugonjwa wangu, lakini kwa kiasi hicho imewafaa wenye maumivu kama yangu. Asubuhi naamka kichwa cheupe. Namba yake ipo hapo kwenye kichupa, mpigie simu atakwambia."

"Nimpigie mtu kuulizia dawa za mateja?"

Zahanati ya kiwanja ilikuwa kontena, kuta zake bati tupu, na nje wenzake walikuwa wamepanga foleni. Neno lile lilitoka mlangoni kabla yake.

Daktari alifungua droo, akasukuma boksi jeupe juu ya meza. "Ukitaka kuendelea kupanda, achana na hiyo, utumie hii. Inaruhusiwa. Nusu ya kiwanja wanaimeza."

Kipanga aliligeuza boksi. Ubavuni lilikuwa limeandikwa: *Huleta usingizi. Usiendeshe gari wala mtambo.* Alimsomea daktari kwa sauti.

"Ah, hayo wanaandika kwenye kila boksi," alisema daktari, akajipaka dawa ya kuua vijidudu mikononi, kidole kwa kidole, huku akimtazama. "Chagua. Hii, au ushuke kabisa."

Kuna watu waliozaliwa na mwili usiowaambia kitu. Wa Kipanga ulikuwa msemaji. Kabla ya ile dawa ya bingwa, kila kukicha vidole vyake vilikuwa kama vimefungwa kwa waya. Mume wake, fundi cherehani, ndiye aliyemfunga shati. "Nimeshona vifungo maisha yangu yote," alikuwa akisema, "sikujua nitaajiriwa kuvifunga." Walicheka, kisha mume akageuka dirishani ili asionekane uso. Ile dawa ilimrudishia vidole vyake, na kwa vidole vile alipata kazi ya juu, kazi aliyoipenda kuliko alivyoweza kueleza. Basi alilichukua boksi jeupe. Mwenye shida hachagui kamba ya kushika.

Wakati wa chai alimkuta Filimbi amekaa juu ya mifuko ya saruji. Filimbi ndiye mpiga ishara wake. Yeye chini, Kipanga juu, mkono wake mmoja ukisema shusha, mwingine ukisema zungusha. Miaka yote walikuwa wakinywa chai kwa kikombe kimoja cha bati, kwa sababu Filimbi hakukumbuka hata siku moja kuleta cha pili. Kipanga alikunywa, akamrudishia. Filimbi alishika pindo la shati lake, akafuta pale midomo ya Kipanga ilipogusa. Akapafuta mara nyingine.

"Usingizi wa jana ulikuwaje, dada?" aliuliza, macho kwenye viatu. "Wanasema hayo mambo ya unga yana usingizi mtamu."

"Wanasema nani?"

"Watu."

Nyuma yao fundi nondo mmoja aliigiza mtu anayesinzia wima, magoti yakilegea, wenzake wakacheka. Huyo huyo mfukoni mwake alikuwa na vidonge kutoka kwenye lile boksi jeupe, maana kiuno kilimsumbua. Alivitafuna vikavu kama karanga na kuyalamba meno. Kipanga alikwenda nyuma ya rundo la mbao, akatema mate.

Usiku ule hakunywa kapande kake. Asubuhi alimeza kidonge kilichoruhusiwa. Kilikuwa na ladha ya chokaa na sabuni, kikamwachia utando kwenye ulimi. Maumivu hayakuondoka. Yalifunikwa tu, kama uchafu unaofunikwa na mkeka wageni wakibisha hodi. Ulimwengu nao ukasogea mbali kidogo. Msimamizi wa kiwanja alimkuta chini ya ngazi, akampiga begani.

"Safi, mama. Nimesikia umesafishwa. Panda."

Kipanga alitamani kuliosha lile bega.

Siku ya kwanza ilipita. Ya pili ilipita pia, ingawa alijibana mapaja kwa kucha ili macho yasijifumbe. Asubuhi iliyofuata alinyanyua furushi la nondo kulipitisha juu ya ua, kando ya jukwaa walipokuwa wapiga lipu. Filimbi aliinua mkono: zungusha, taratibu. Kipanga aliuona mkono ule kama kitu kilichozama majini. Aliuona na kuuelewa, ila kiganja chake mwenyewe kilikuwa bado kinafikiria. Halafu kichwa kikaanguka mbele.

Aliposhtuka, furushi lilikuwa limekwisha kupita. Ncha za nondo zilikwangua ubao wa jukwaa kwa mlio uliompenya kwenye meno. Ndoo ya lipu ilidondoka, ikapasuka chini, na wapiga lipu wakajibandika ukutani kama mijusi. Hakuna aliyeumia.

Redio ikakoroma. Ilikuwa sauti ya msimamizi. "Upepo huo, Kipanga. Usijali. Endelea."

Kipanga aliitazama bendera ya kampuni juu ya lango. Ilining'inia kama kitambaa cha jikoni. Na kilichomchukiza kuliko uongo ule ni kwamba moyo wake uliupokea haraka, kwa shukrani. Ndiyo, upepo. Nani atakataa? Kesho kidonge kingine, na upepo mwingine.

Alilishusha furushi hadi chini, polepole, akibana pumzi. Kisha akaachia nyenzo zote mbili za kuendeshea, akasimama kwenye kioo cha mbele, akainua mikono yote miwili juu, viganja nje.

Kiwanjani hakuna anayeijua kazi bila kuijua ishara ile. Nyingine zote anapiga mpiga ishara peke yake. Ile ya kusimama haina mwenyewe. Hata mfagiaji akiinua mikono, kreni husimama, na haulizwi mtu kwa nini hadi mzigo utulie. Ila hakuna aliyewahi kuiona ikitoka juu.

Filimbi alibaki ameinua uso, mdomo wazi. Kisha naye akainua mikono, akawageukia wengine. Nyundo zikanyamaza, moja baada ya moja, na mashine ya zege ikazimwa.

Msimamizi alimngoja chini ya ngazi. "Nani amesimamisha kazi?"

"Mimi."

"Dereva hapigi ishara."

"Ishara hiyo haina mwenyewe, bosi," alisema Filimbi nyuma yake, kwa sauti ndogo. "Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Haukuwa upepo," alisema Kipanga. "Nililala. Nimelala kwa dawa mliyoniruhusu."

Aliwapita, akaenda kontenani bila kupiga hodi. Aliliweka boksi jeupe mbele ya daktari, ule ubavu wenye maandishi ukimtazama. Daktari aliusoma safari hii, au alijifanya kuusoma. Nje, fundi nondo alikuwa amesimama mlangoni, mkono mfukoni, hacheki.

"Hutapanda," alisema daktari, "mpaka nizungumze na huyo bingwa wako."

"Namba yake ulikuwa nayo tangu siku ile."

Alitoka, akakaa juu ya mifuko ya saruji. Kreni ilisimama juu yake, ndoano tupu, na hakujua kama ataigusa tena. Filimbi alikuja na kikombe cha bati, kimejaa. Alikunywa funda moja, akamsogezea bila kukifuta.

Kipanga alitazama ukingo uliolowa mate ya Filimbi. Kinyaa kilikuwa bado kipo, hakikuona sababu ya kuondoka.

"Kiweke hapo chini," alisema. "Chai ikipoa nitaona."

Filimbi alikiweka, akakaa naye, wakaingoja ipoe.