Mvua za Jumamosi

Kila siku ya saba palikuwa patupu. Nilipekua daftari la mvua la marehemu babu Masese, mwaka mzima wa 1962, nisipate hata Jumamosi moja iliyoandikwa.

Mimi ni mwanahistoria. Ninafundisha jinsi vumbi la mabomu ya nyuklia yaliyojaribiwa ng'ambo lilivyoshuka na mvua juu ya mashamba ya watu wasiohusika. Wakati ule nilikuwa mwanafunzi tu wa uzamifu, na tasnifu yangu yote ilitegemea daftari hilo. Babu alikuwa mpima mvua wa shamba la majani chai huko Kericho. Alikuwa pia Msabato, tena wa wale ambao Jumamosi hawawashi hata moto.

Msimamizi wangu, Profesa Gordon, hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Siku moja kati ya saba haipo, Nyamusi. Ukizikosa Jumamosi hizo, tafuta mada ingine."

Alinipa mwezi mmoja. Nikaenda Kipkelion kwa Kogo Tecla, bibi wa Kikipsigis aliyechuma chai na kuishi jirani na babu kambini. Ilikuwa Jumamosi. Mimi pia ni Msabato; siku hiyo nilikosa ibada, na roho ikanisuta njia nzima.

"Wewe ni wa Masese," alisema kabla sijajitambulisha. "Hiyo pua naijua."

Nilipomweleza shida yangu, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Ijumaa jioni alikuwa anaweka ile glasi ya kupima kwa mlango yangu. Mimi kanisa yangu ni Jumapili. Napima, namwaga, naandika. Nikimpelekea namba, anakataa. Ati hawezi kuandika kwa kitabu ya kampuni kitu macho yake haijaona."

Mkaidi yule! Nilitamani kumgombeza na kumkumbatia kwa pamoja.

Kogo aliingia ndani, akatoka na kitabu chake cha nyimbo. Kurasa za nyuma zilijaa namba za penseli, Jumamosi zote hamsini na mbili.

"Umeziweka miaka yote hii, Kogo?"

"Ni kazi ya jirani. Ningetupa aje?"

Nililia bila aibu. Hadi leo, nikiulizwa nani alinifikisha hapa, namtaja yeye kwanza. Nilifungua daftari langu, nikachomoa kalamu ili ninakili. Akanishika mkono.

"Leo ni siku gani?"

"Jumamosi."

"Na wewe ni mjukuu wa Masese. Weka kalamu chini."

Akavaa miwani, akavuta daftari langu mapajani mwake, akaanza kuniandikia.