Siku Mbili Angani

Kwa miaka sita, mama yetu mkubwa Marieta aliwakataza watu kumsumbua Felisian. "Mwanangu yuko Doha," alisemaga. "Kutoka huko ni siku mbili angani. Mwacheni afanye kazi."

Hata miguu ilipovimba na kulala kukawa kwa kuegemea ukuta, alisema vilevile. Aliyemuuguza ni Rhobi, binti yake wa pili, anayeuza dagaa kisiwani Rukuba. Kila alipopigiwa simu kwamba mama kazidiwa, Rhobi alipanda mtumbwi, akafika nyumbani kwa mama, Kigera mjini Musoma, nguo zikiwa zimelowa. Siku ya mwisho ziwa lilichafuka, hakuna mtumbwi uliotoka. Mama akafa bila yeye.

Felisian alifika kesho yake. Tulikuwa jikoni nje, Rebeka, binti wa Rhobi, akimmiminia chai.

"Pole na safari, mjomba. Ndege imekuchosha?"

"Ndege haina shida," akasema, akitafuta sukari. "Doha mpaka Dar saa sita hivi, nimelala tu. Dar mpaka Mwanza ni kufumba na kufumbua. Gari la Mwanza ndilo limeniua mgongo."

Rhobi alikuwa anasonga ugali. Aliuacha mwiko ndani ya sufuria, akatoka. Ugali uliungua, na hakuna aliyethubutu kumwita.

Tulizika Butiama, shambani kwa babu. Katekista akampa Felisian nafasi ya kushukuru. Akavua miwani.

"Ndugu zangu, moyo unaniuma. Ningependa kumuuguza mama, ila mnajua huko niliko ni mbali, siku mbili angani..."

"Saa ngapi?" Rhobi alikuwa amesimama.

Baba mdogo Mugeta akamshika mkono. "Rhobi, kaa. Huu ni msiba."

"Sikai! Waambie, Felisian, kama ulivyomwambia Rebeka. Ni saa ngapi?"

Felisian akatazama viatu vyake. "Sita," akasema. "Mpaka Dar."



"Mama amekufa akikuonea huruma wewe! Siku za upepo ulikuwa karibu naye kuliko mimi, na ulijua!"

"Nilimwambia hivyo mwanzoni tu, asiwe ananiita kila mara. Halafu nikashindwa kuubadilisha uongo."

"Miaka sita ulishindwa?"

Katekista akaanzisha wimbo, watu wakaupokea kwa sauti ndogo. Felisian alipoinama kuchukua udongo, Rhobi alimpisha. Hakumzuia. Ila Felisian alipomsogelea baadaye amkumbatie, Rhobi alimsukuma kifuani kwa mikono miwili mbele ya ukoo wote, na hakuna aliyemkemea, hata Mugeta.

Jioni hiyo hiyo Rhobi alirudi Musoma. Alipofika chumbani kwa mama ndipo alipolia, akaupiga mto wa mama ngumi hadi pamba zikatoka.

Felisian aliondoka bila kuagwa naye. Mpaka leo akimpigia Rhobi simu, Rebeka ndiye anayepokea.