Mwenye Namba Aje Mwenyewe

Binti yangu alifaulu. Nalisema hilo mwanzo kabisa lisije likapotea katikati ya upuuzi wa wakubwa. Alifaulu mtihani mkuu, tena vizuri, na chuo cha uuguzi kikamwambia: tunataka matokeo yako kabla dirisha la maombi halijafungwa Ijumaa jioni. Ila usiyalete mwenyewe. Yatoke Ofisi ya Mitihani, kompyuta yao iyatume kwenye kompyuta yetu. Karatasi ya mkononi hatupokei, siku hizi matapeli ni wengi.

Uuguzi aliutaka tangu mama yake alipokata roho kwenye benchi la zahanati, daktari akiwa semina. Hayo nayo nimeyaweka moyoni, sitayamaliza hapa.

Basi akaingia kwenye mtandao, akabonyeza panapobonyezwa. Likaja jibu kwamba tarakimu za kuthibitisha zimetumwa kwenye simu ya mzazi. Tukaikodolea macho simu yangu kama tunasubiri iote miguu. Kimya.

"Baba," akasema taratibu, "aliyeniandikisha ni mama."

Mambo ya shule yalikuwa ya mke wangu. Mimi niliishia darasa la nne, kazi yangu ni kufuli na funguo. Tarakimu zilikuwa zimeenda kwa marehemu.

Alhamisi tukafika ofisini. Kwenye kaunta alikuwepo karani mwenye tai ndefu kuliko akili yake.

"Kubadilisha namba inawezekana, mzee," akasema huku akikoroga chai. "Mwenye namba aje mwenyewe na kitambulisho."

"Mwenye namba amefariki."

"Oh, poleni. Ila mfumo hauna sehemu ya marehemu."

"Hauna? Kwani huko kwenye mfumo watu hawafi?"

"Mzee, usinipandishie sauti. Utaratibu sikuutunga mimi."

"Nionyeshe aliyeutunga, nimpandishie yeye."

"Mkubwa yuko kikaoni."

Ndivyo walivyo. Mkubwa humjui kwa sura, unamjua kwa kikao. Nikaanza kutoa yaliyokuwa tumboni mpaka askari wa getini akasogea, binti akanivuta shati tukatoka.

"Baba, ile namba inaita," akaniambia nje. "Ina mtu."

Nilijua ina mtu. Kampuni ya simu iliona laini imelala, ikampa mwingine, kama mwenye nyumba anayepangisha chumba hata matanga hayajaanuliwa. Siku moja nililibonyeza jina la mke wangu, wala sijui nilikuwa nataka nini, na mwanamke akaitika, "Haloo, nani mwenzangu?" Nikamwita mwizi wa simu za maiti. Akaniita mwehu. Tukaishia hapo.

Sasa nikapiga.

"Ni wewe tena?" akasema. "Nilikuandika 'Mwehu', nikajua ipo siku utarudi."

"Sikiliza, mama. Kuna tarakimu zimeingia kwenye simu yako. Nisomee."

Akacheka mpaka akakohoa. "Haya! Juzi nilikuwa mwizi, leo unataka tarakimu zangu. Nikusomee uje unikombe vijisenti vyangu, siyo? Katafute wajinga wenzako."

"Ni za mtoto wangu! Za kuingilia chuo!"

"Wote mna watoto nyie. Mwenzako wiki iliyopita wa kwake alikuwa wodini." Akasonya, akakata.

Nikarudi kibandani kwangu, nikawa nagonga kufuli la watu ambalo halikuwa na kosa. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa na haki, na hakuna kinachoudhi kama adui mwenye haki. Nina ufunguo malaya unaofungua nusu ya milango ya mtaa huu. Mtu akija analia kwamba amejifungia nje, simfungulii kwa machozi yake. Namwambia twende mpaka mlangoni, jirani yako atoke aseme anakujua. Kama hana jirani, na alale nje. Kilio hata mwizi anacho.

Haya nilimwambia binti kwa hasira tu, sikuwa natoa ushauri. Lakini alinitazama, akachukua simu yake, akapiga.

"Samahani shangazi, mimi ndiye mtoto mwenyewe. Hapana, usinisomee. Usimsomee mtu yeyote. Naomba uje kesho Ofisi ya Mitihani, tusimame wote mbele ya karani, uone kwa macho yako. Ukikuta ni uongo, getini kuna askari, mkamateni baba."

Sauti ile ikatoka simuni, nikaisikia vizuri: "Hilo la kumkamata baba yako nimelipenda. Nitakuja."

Ijumaa mchana ulipita hajatokea. Nikamwambia binti, umeona? Akaniambia, baba, nyamaza. Watu wa mwisho walikuwa wameshapanga foleni alipoingia, mwanamke wa makamo, msusi, vidole vyeusi kwa dawa ya nywele. Alinipita kama nguzo, akampa binti mkono.

Karani akamtazama. "Wewe ndiye mama mzazi?"

"Mimi ndiye mwenye namba. Si mlisema mwenye namba aje mwenyewe na kitambulisho? Hiki hapa."

"Ila jina kwenye mfumo si hili."

"Na namba?"

"Namba ni hiyo hiyo."

"Sasa mlikuwa mnataka namba au mlikuwa mnataka mchumba?"

Foleni ikaangua kicheko. Karani akasema ngoja amuulize mkubwa. Mkubwa alikuwa wapi? Kikaoni! Hapo mimi na yule mwanamke tulifungua midomo kwa pamoja, bila kupatana, na nakiri ya kwake yalikuwa makali kuliko yangu. Watu wa nyuma nao wakapokea, maana muda wa kufunga ulikuwa umewadia na kila mmoja alikuwa na mtoto wake. Karani akaona tai inambana. Akamgeuzia binti kompyuta.

Binti akabonyeza. Simu ya msusi ikalia. Akaifunika kwa kiganja, akanikata jicho, akamnong'oneza binti tarakimu sikioni. Kwenye kioo pakaandikwa: matokeo yametumwa.

"Sasa weka namba yangu," nikamwambia karani.

"Hiyo mpaka Jumatatu, mzee." Akashusha pazia la kaunta.

Nje, msusi akasimama mbele yangu. "Sikuja kwa ajili yako."

"Najua."

"Ulinitukana laini ikiwa bado mpya, hata dada yangu sijampigia."

"Wa kulaumiwa ni kampuni."

"Kampuni haikuniita mwizi."

Nikatoa simu, nikajifanya naangalia saa. Akanyoosha kidole chake cheusi kwenye simu yangu. "Futa namba yangu. Nione ukifuta."

Nikampa binti, mimi vitu hivyo sivijui. Akatafuta, ikajitokeza: *Mama Nyumba*. Kidole chake kikasita juu ya kioo. Msusi akachungulia, akasoma.

"Huyo ndiye mimi?"

"Alikuwa," nikasema.

Akasonya, lakini kidogo. "Basi iache. Ila ole wako upige."

Sikupiga. Jumatatu nilirudi kwenye kaunta, mkubwa alikuwa kikaoni. Wiki zikapita, chuo kimya, binti hali chakula, mimi nawalaani wote mmoja mmoja.

Halafu asubuhi moja, nachonga ufunguo, simu ikaita. Kwenye kioo: *Mama Nyumba*. Tupa ikanidondoka.

"Mwehu," sauti ikasema. "Ujumbe wa chuo umeingia kwangu. Mtoto amepokelewa. Mwambie shangazi yake amempongeza. Wewe usinijibu."

Akakata, hata asante sijaipata mdomoni.

Namba mpaka leo hawajaibadilisha, wazembe wale. Sijarudi kuwakumbusha.