Konrodi Nne na Waya Mmoja

...na hizi za kung'aa ndizo anazozitaka yeye, namwona anavyozikodolea macho, lakini mimi sichagui konrodi kwa kung'aa, kung'aa ni kazi ya kitambaa na polishi, konrodi ni mkono tu, mkono wa chuma ulioshika pistoni huku juu na kranki kule chini, unavutwa na kusukumwa mara elfu tano kwa dakika, na ukikatika hauombi radhi, unatoboa injini unatokea nje na aliyekaa juu yake shauri yake, basi ziko nne hapa mezani kwangu, jozi mbili, na injini inataka jozi moja tu, jozi nyeusi nene kiunoni niliyoagiza mimi na jozi nyepesi ya kung'aa aliyoagiza mkwe wangu bila kuniuliza, na hakuna hata moja iliyotoka kwa waliounda pikipiki hii, kiwanda chao kilikufa kabla mimi sijaolewa, kwa hiyo habari za orijino tusidanganyane, orijino ziko kwenye ndoo chini ya meza, zina miaka sitini, zimefanya kazi zao, zimechoka, na sasa lazima nichague za watu wengine na kuzitia kwenye injini ya marehemu mjomba wangu, ambayo Jumamosi binti yangu ataipanda, siku mbili za barabara, yeye mbele anaendesha na mumewe nyuma amemshika kiuno, ndiyo, yeye ndiye anaendesha, nani mwingine, si nilimlea mimi... "MAMA! TUNACHUKUA ZIPI?"... ee jamani, huyu kijana na sauti yake, amesimama hatua mbili tu kutoka kwangu na bado anaita kama mtu aliye ng'ambo ya bonde, na kuna kitu kingine amesema hapo kuhusu mkereza vyuma, kwamba anafunga saa kumi, anataka ajue uzito wa konrodi ndipo asawazishe kranki, najua, najua, nani alimfundisha mkereza vyuma kusawazisha kranki kama si mimi, "Nimesikia," namwambia, "subiri, sijazipiga."

Maana nimeshazipima, asubuhi nzima nimezipima, mikromita imesema ndiyo kwa zote nne, mizani imesema nyeusi zinapishana gramu moja na za kung'aa hazipishani hata chembe, nikamwona mkwe anatabasamu hapo, nikamwacha atabasamu, kwa sababu mikromita inajua unene na mizani inajua uzito na zote mbili hazijui lolote kuhusu ufa uliojificha ndani ya chuma, ufa unajulikana kwa mlio, unaitundika konrodi kwenye waya, inaning'inia haigusi kitu, unaigonga kidogo kwa kipande cha shaba, nzima inaimba, inaimba mpaka unachoka kusubiri, na yenye ufa inasema "ta" kama sufuria lililopasuka, basi, na mji mzima unajua nani mwenye kuusikia mlio huo, hata kibao cha mlangoni hakina jina langu, kimechorwa sikio, mchoraji hakuwa fundi sana, watu wanadhani ni uyoga, lakini wanakuja, wanaume wenye ndevu zao wanakuja na injini za babu zao wamezifunga kwenye magunia wanasema tunamtaka Sikio, atuambie kama hii nzima, na mimi nawaambia, nzima, mbovu, nzima, tupa hii, na hawabishi, miaka thelathini na moja hawajabisha, haya, natundika nyeusi ya kwanza, waya wa shaba uko palepale msumarini alipouweka mjomba, nashika kipande changu, nagonga... ti.

Ti, basi? Ngoja, labda imegusa ukuta, nageuza, nagonga tena, ti, fupi, imekatika kabla sijashusha mkono, haya ndiyo niliyokuwa nikiyasema, chuma cha siku hizi, wanafua haraka haraka wanakipoza haraka haraka, unalipa bei ya dhahabu unaletewa vijiko, natundika ya pili, ti, sawasawa na mwenzake, ovyo, mwenye duka atanisikia leo, haya za kung'aa, ya kwanza, ti, ya pili, ti, ahaa, nne zote mbovu, nne zote, kutoka maduka mawili, viwanda viwili, nchi mbili, na... hapana, hebu ngoja kwanza, nne zote? Mtu akila kwa watu wanne na kila chakula akakiona hakina chumvi... lakini hiyo si hoja, hiyo ni fikra tu, mimi ni fundi, ninathibitisha, nachukua spana kubwa ya mjomba, ile ya inchi, nimeishika tangu nina miaka kumi na tisa, hii hainidanganyi, hii nikiigonga inalia mpaka mbwa wa jirani anaamka, naifunga kwenye waya, nagonga, naiona inatetemeka, kwa macho yangu naiona, ukingo wake unatikisika umekuwa kama na ukungu, na mimi nimesimama mbele yake nasikia ti, halafu kimya.

Spana haijapasuka, spana haiwezi kupasuka... mkwe amesogea mlangoni, simu yake inawaka, anapokea, ni binti yangu, najua kwa vile uso wake unavyolainika, anaongea, midomo inakwenda, anacheka, midomo inakwenda tena, na mimi sisikii kitu, ananong'ona, kumbe anajua kunong'ona huyu, kwa mke wake ananong'ona na mimi ananipigia kelele, hebu tazama adabu hiyo, kwa mama mkwe wake... mtu gani ana sauti mbili... na hanong'oni jamani, mtu anayenong'ona huwa anainama, anaziba mdomo, yeye amenyooka wima ameegemea mlango anaongea kama watu wanavyoongea, yule pale muuza vocha ng'ambo ya barabara ameinua kichwa kumtazama, amemsikia, muuza vocha amemsikia na mimi niliye karibu zaidi sikumsikia... na mbona amesimama upande ule, mlango una upande wa kushoto wenye kivuli na yeye amekwenda kusimama juani, kulia kwangu, daima kulia kwangu, siku ile ya chakula nyumbani kwao alihama kiti, sahani mkononi, akazunguka meza nzima akaja kukaa kulia kwangu, nikajiambia anajipendekeza, na nilipokwenda jikoni nikamwambia binti yangu, mume wako ana kelele huyo, kwao hawakumfunza kusema na wakubwa, binti yangu akacheka, halafu akaacha kucheka, akageukia sinki akaosha kikombe kilichokuwa kisafi, akasema, ndivyo alivyo mama, utamzoea... ndivyo alivyo... miaka miwili nimemsema kwa dada zangu, kwa jirani, kwa mteja yeyote mwenye muda wa kunisikiliza, mkwe wangu mpayukaji, mkwe wangu kama spika ya mnadani, na yeye anajua ninavyomsema, lazima anajua, na ameukubali upayukaji, ameuvaa, kuliko aje aniambie mbele ya kibao changu mwenyewe chenye sikio, mama, husikii.

Basi nimekuwa kiziwi? Si kiziwi, wacha maneno makubwa, redio nasikia... redio binti yangu huja akaipunguza... injini nasikia, injini nzito nazisikia vizuri sana, ni hii milio ya juu tu, myembamba, ndiyo inayokwenda kwanza, mashine ya kusaga miaka thelathini upande wa kushoto na mimi nikiwacheka wanaoziba masikio na pamba, sawa, ni hiyo, lakini lini, tangu lini, kwa sababu... mwoka mikate, Mungu wangu, mwoka mikate na pikipiki yake ya silinda moja, aliniletea konrodi mpya mwezi wa pili, niliigonga ikalia kwa ufupi, naikumbuka ilivyolia, nikasema ni baridi ya asubuhi, nikasema nzima, nikaifunga ndani, na wiki ya tatu ikakatika akiwa mteremkoni, kwa bahati yake alikuwa anakwenda taratibu, akaisukuma mpaka hapa, mafuta yamemmwagikia hadi viatuni, na mimi nikamtazama usoni nikamwambia umeendesha bila oili, na yeye akasema samahani, akaniomba samahani mimi, mtu mzima, kwa sababu Sikio amesema... hilo nitalirekebisha, kesho asubuhi kabla hajatoa mikate ya kwanza nitakuwa mlangoni kwake na nitasema kosa lilikuwa langu, itaniuma lakini nitasema, uoga sikuzaliwa nao.

Na hizi je, hizi nne, huyu anataka jibu kabla ya saa kumi na mimi siwezi kumpa jibu la kubahatisha, si kwa kiti ambacho mwanangu atakaa, naweza kusema nyeusi kwa mazoea tu, ningesema na asingebisha hata yeye, ndiyo ubaya wenyewe, hakuna mtu anayenibishia... mjomba naye hakubishiwa, mjomba miaka yake ya mwisho alikuwa na kituko kimoja, hakutundika konrodi msumarini, aliuma waya kwa meno, konrodi inaning'inia chini ya kidevu, amefumba macho, anaigonga, na wateja wanakufa kwa kicheko, na mimi nacheka nao, nikidhani ni madoido, mzee anajionyesha, na ukimuuliza kitu alikuwa anajibu nimesikia, nimesikia, hata kama umemuuliza saa ngapi... nimesikia... ai, mjomba... mjomba, kumbe ulikuwa huwasikii, kumbe ulikuwa husikii hata moja, na ulituacha tucheke, ukazifunga injini zako zote salama, hakuna hata moja iliyokatika, na hukumwambia mtu yeyote, hata mimi.

Haya, meno yenyewe yamebaki yangapi, mbele yapo, natoa waya msumarini, natundika nyeusi ya kwanza, nauma, waya una ladha ya sarafu, nainama kidogo ili isiniguse kifua, nagonga... ee! Ee mama yangu! Inaimba! Imeingia kwenye taya ikapanda mpaka utosini, nyembamba, ndefu, safi, iko ndani ya fuvu langu kama mtu amewasha taa, na haiishi, bado, bado, bado ipo, sikujua nimeikosa hivi, macho yanataka kunitoa machozi kwa konrodi, shika adabu wewe mama, tundika ya pili, nauma, nagonga, sauti ileile, ndugu wa baba mmoja mama mmoja, nzuri sana, sasa za kung'aa, ya kwanza, inaimba, sauti ya juu kidogo kwa kuwa ni nyepesi, sawa, ya pili... nagonga... inaanza vizuri, halafu inakwaruza, inakufa, tena, nagonga tena, inakwaruza palepale, kuna kitu mle, chini ya kung'aa kote huko, karibu na shingo, mikromita haikukiona na mizani haikukiona na hilo sikio lililochorwa mlangoni lisingekiona mpaka kesho kutwa, lakini meno ya mwanamke wa miaka hamsini na nane yamekiona, haya sasa, nani atabisha, nyeusi, zinaingia nyeusi, na hata za kung'aa zingekuwa nzima ningesema nyeusi, pampu ya oili ya pikipiki hii kuukuu haina nguvu ya kunywesha konrodi za mashindano kama hizi, kranki itasawazishwa kwa uzito wa nyeusi na binti yangu atapanda milima yake polepole na mumewe nyuma akimpigia... hapana, hatampigia kelele, yeye anamsemesha kama watu wanavyosemeshana, kelele zote ameniwekea mimi.

Nainua kichwa na yuko pale, simu ameshaiweka mfukoni, amesimama kulia kwangu, ananitazama mimi mama mkwe wake nina waya mdomoni na konrodi inabembea chini ya kidevu, na uso wake maskini haujui ucheke au ukimbie, chai niliyomiminiwa bado inafuka, saa ya ukutani haijafika hata tisa na nusu, konrodi tatu mezani na moja menoni, hakuna kilichobadilika, hajui lolote, natoa waya mdomoni, najifuta kwa mgongo wa mkono, na yeye kwa mshangao amesahau, amesahau kabisa kupaza sauti, midomo yake inakwenda, ananiuliza kitu, naona ni swali kwa vile nyusi zinavyopanda, na sisikii neno, na ulimi wangu tayari umeshika njia yake ya kila siku, nime... hapana, namwangalia huyu mtoto aliyekubali kuitwa mpayukaji kwa ajili yangu, natafuta maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu ndani ya karakana hii, yapo, si mazito kama nilivyodhani.

"Sikusikia, mwanangu," namwambia. "Hebu sema tena."